Bandari Isiyo na Mahema

Jumamosi nilikuwa kambini Kakuma, kwenye maonyesho ya kazi za mikono za wakimbizi, na nimerudi Lodwar na hasira ambayo hata chai haijaituliza.

Fundi mmoja, Mkongomani, alikuwa amejaza nusu ya ukumbi kwa reli ya mfano. Njia ilikuwa ya waya, mabehewa ya madebe ya mafuta, na mwishoni ikafika bandari ya Kalemie, alikozaliwa. Ziwa alilitengeneza kwa nailoni ya buluu. Ufukweni winchi ilining'inia juu ya meli, na wanawake wa bati walikuwa wakianika dagaa.

Akaja afisa wa shirika, beji kifuani. Akachuchumaa, akatabasamu.

"Kazi safi. Lakini hapa ufukweni ondoa hawa, weka mahema na watu kwenye foleni. Wafadhili wanataka kuona mateso yako."

Kisha, kwa vidole viwili, akamng'oa mwanamke mmoja wa bati.

Fundi alinyoosha kiganja, akangoja mpaka akarudishiwa.

"Huyu ni mama yangu, bosi," alisema, akimsimamisha tena kando ya maji. "Kule kwetu hema halikuwako. Treni ndiyo ilikuwako."

Afisa akaenda zake bila kupiga picha.

Jamani! Yaani mkimbizi ana ruhusa ya kukumbuka risasi tu? Akikumbuka stesheni na samaki, anaambiwa arekebishe? Kama afisa alitaka mahema, angechungulia dirishani. Kakuma yapo tele, na sijasikia mtu hata mmoja akiyaita kwao.