Maji ya Bweni na Msiba wa Mtunza Pampu

Chuoni kwetu, Karagwe, pampu iliendeshwa na mitambo ya kampuni moja, na tangi la bweni la wasichana lilipimwa na mitambo ya kampuni nyingine. Mitambo hiyo haikuwasiliana. Mtunza pampu, mzee wetu, ndiye aliyetazama tangi kisha akateremka kuwasha pampu. Alipofariki, bweni lilikauka.

Niliwaita mafundi wawili, mmoja wa kila kampuni, waiunganishe mitambo hiyo. Walifika siku ya mazishi, na kila mmoja, kwa agizo la bosi wake, akakataa kumpa mwenzake nywila za mitambo yake. Kwetu hakuna anayeshika kazi kabla marehemu hajazikwa. Nikawachukua hadi Kanoni, kijijini kwa marehemu, msibani.

Tuliketi migombani. Mjane akaja kutusalimu, nao mafundi wakamwamkia.

"Shikamoo, mama. Pole sana."

"Marahaba, wanangu. Wasichana wamepata maji?"

Tulipotoka kaburini, fundi mmoja alimwambia mwenzake, "Nipe nywila zako, nami nikupe zangu."

"Na bosi wako?"

"Bosi wangu hakuulizwa na yule mama."

Kesho yake waliiunganisha mitambo, na maji yakapanda bwenini. Nilisimama penye pampu, mahali alipozoea kusimama marehemu, nikaisikia ikijiwasha yenyewe.