Bega Lililoonekana Gizani

Majirani walimwita Bi Mkasi, na si kwa ushonaji peke yake. Ulimi wake nao ulikuwa unakata. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na ushei, fundi wa magauni ya harusi. Baada ya kumzika mumewe alibaki kwenye nyumba ile na wifi yake, dada wa marehemu, aliyekaa chumba cha uani.

Gauni la kwanza lilichanwa siku mbili kabla ya harusi. Alilianika uani jioni, asubuhi akalikuta limepasuliwa kwa wembe kutoka kifuani hadi kwenye pindo. Wifi alitoka na kikombe cha chai, akamkumbatia.

"Pole wifi yangu. Nyumba hii ina kitu, mimi nilishasema."

La pili likafuata, kisha la tatu. Bibi harusi wa tatu alilia mlangoni mpaka sauti ikamkauka. Wateja wakaanza kumpitia mbali. Mashemeji nao wakaja na lao: nyumba ina mkosi, iuzwe, kila mtu ashike njia yake.

Bi Mkasi hakutoa hata chozi. Alimshuku fundi wa kona, mwanamke aliyefungua kibanda mwaka ule ule, akamchafua kwa kila aliyekuwa na masikio. Akaapa kwamba akimkamata atamuumbua hadi ajute kushika sindano. Hapo ndipo alipoingia duka la kamera.

"Nataka inayoona gizani," alimwambia muuzaji, bwana mpole mwenye miwani.

Muuzaji akapanga tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa na taa kali na king'ora. "Hii wengi wanaipenda, mama. Mtu akisogea tu inapiga kelele. Anakimbia hajagusa kitu."

"Sitaki akimbie. Nataka aje, atulie, amalize kazi yake."

Muuzaji alimtazama juu ya miwani. Akampeleka stoo, akafunga mlango, akazima taa. Kwenye simu, kamera ya pili ikaonyesha maboksi yote, nyeusi na nyeupe, hadi maandishi yake. Lakini Bi Mkasi aliona vidoa vyekundu vimeizunguka lenzi kama macho ya panya.

"Hivi vitanichongea."

"Ndizo taa zake za infraredi, mama, za kuonea gizani. Za hii ya tatu hazionekani kabisa kwa macho. Ila haifiki mbali. Mita nane hivi."

"Uani kwangu ni mita saba kasoro. Nimepima asubuhi kwa utepe wa kushonea."

"Basi inakutosha. Tena usiiweke nyuma ya kioo cha dirisha, miale itarudi, utaona weupe mtupu."

"Njoo unifungie mwenyewe kesho, wifi yangu akienda kliniki. Asijue mtu, hata kuku."

Ikafungwa chini ya paa, imejibana kwenye kona. Bi Mkasi akaanika gauni jeupe la mtumba kama chambo. Siku tatu zikapita kimya. Ya nne, alfajiri, akafungua simu akiwa bado kitandani.

Mtu alikuwa pale, amejitanda shuka hadi usoni. Sura hakuna, rangi hakuna. Shuka lenyewe lilitoka jeupe kama karatasi. Bi Mkasi alisonya kwa hasira. Kisha yule mtu akainua wembe, shuka likateleza, bega la kulia likabaki wazi. Akaisimamisha picha. Bega la gauni alilovaa mtu yule lilikuwa limejazwa sponji, kwa kuwa mwenye nalo alivunjika utotoni na upande huo ukashuka. Sponji ile aliipachika yeye mwenyewe, kwa mkono, akamvisha wifi yake bure.

Mlango ukagongwa. "Wifi, umeamka? Njoo uone, wametufanyia tena!"

Alikuwa na chai mkononi. Bi Mkasi aliipokea, akainywa yote taratibu, akimtazama machoni. "Pole na wewe, wifi yangu," akasema. Hajawahi kunywa chai tamu kama ile.

Jumapili akawaalika mashemeji, akawapikia wakashiba. Akampa wifi kiti cha mbele, mkabala na televisheni.

"Mlikuwa mnausema mkosi wa nyumba hii," akasema. "Nimeupata. Utazameni."

Picha ilipoisha, shemeji mkubwa akakohoa. "Huyo anaweza kuwa yeyote, shemeji."

Bi Mkasi akavuta utepe shingoni. "Wifi, simama tupime bega."

Wifi hakusimama. Akaangua kilio: nyumba ni ya kaka yake, Bi Mkasi alikuja tu kuolewa, kwa nini yeye alale uani?

"Lia vizuri," Bi Mkasi akamwambia. "Mabibi harusi watatu wamekutangulia. Nao nimewatumia picha."

Wifi aliondoka jioni ile ile na mabegi mawili, na habari ya kuuza nyumba haikusikika tena. Shemeji mkubwa hupiga simu kila wiki kuomba picha ifutwe, eti aibu ya ukoo. Bi Mkasi humjibu kwamba mambo ya kufuta hajayajua bado.

Kwa fundi wa kona alikwenda mwenyewe kuomba radhi. Yule mwanamke hakumkaribisha kiti wala hakuinua kichwa. Aliendelea kukanyaga cherehani. Bi Mkasi akasimama mlangoni, mikono nyuma, hadi pindo zima likaisha.