Mama Mdogo Masouda na Kamusi Kuukuu

Watu waliokimbia Unguja mwaka 1964 walificha dhahabu ndani ya nguo. Mama mdogo Masouda, mdogo wake mama yangu, alificha kamusi. Kamusi ya Kiingereza, kuukuu, iliyochapishwa kabla babu yangu hajazaliwa, nzito kama kinu. Cheti chake cha skuli alikisahau mezani! Mama alimcheka mpaka tukafika Maskati, na mimi naona alikuwa na haki.

Huku hapakuwa na skuli ya wasichana afundishe, akashona kofia za vitobo za kuuza. Kila safu ya vitobo ilikuwa na neno lake, akilitamka kwa sauti mpaka safu iishe. Hakuwepo wa kumwambia kwamba mengi katika maneno yale Waingereza wenyewe walishayazika. Wanaume wa Matrah, mji wa jirani, wakapita sokoni na maneno arubaini ya Kiingereza kichwani, wala hawana habari.

"Hind! Njoo mbio!" aliniita siku moja. "Wazungu nao walikuwa na keshokutwa! Yaitwa *overmorrow*! Na juzi wanayo, *ereyesterday*! Ukiyaona mambo!"

Alirukaruka na sindano mkononi. Nikaruka naye, ingawa sikujua tunashangilia nini.

Mwaka 1970 akatawala sultani mpya, na milango ya nchi ikafunguka. Ikavuma kwamba inaanzishwa skuli ya wasichana na anatafutwa mwalimu wa Kiingereza. Mama mdogo akatupa kofia chini. Alimwandikia barua Mwingereza aliyekuwa akiajiri walimu, akaipamba kwa kila neno gumu alilokuwa nalo, akamalizia kuwa atafika *overmorrow*, asubuhi. Angejuaje kwamba Mwingereza halijui neno la babu zake?

Siku ilipofika tukaenda, mlango tukaukuta umefungwa. Bawabu alisema bwana yuko Matrah na hakutaja mgeni yeyote. Mama mdogo alirudi analia kwa hasira, watu wanatutazama.

"Basi, Hind. Cheti sina, na kazi nshaikosa. Nnarudi kwenye vitobo vyangu."

Kumbe yule bwana aliisoma barua mara tatu, asielewe ni lini anajiwa, akaona haya kuuliza. Kesho yake akatuma gari. Tulimkuta ana barua mbele yake na kamusi mbili wazi, uso umemwiva kwa kicheko. Walisema Kiingereza, mama mdogo alinieleza yote njiani.

"Bibi, nani anasema hivi siku hizi?" aliuliza.

"Mie nasema. Nyie mmeyatupa, mie nimeyaokota. Nipe na ya siku hizi, hayo pia ntayajua."

Bwana akaacha kucheka. Akaomba cheti. Mama mdogo akatikisa kichwa. Nikataka kukimbia.

"Basi mfundishe mtoto huyu kitu," alisema bwana. "Hapa hapa."

Mama mdogo aliazima kofia ya bawabu. Akaniwekea kidole kwenye kitobo cha kwanza, akatamka, nikatamka. Cha pili. Cha tatu. Tulizunguka kofia mpaka ishirini, kisha akauondoa mkono wake, nikarudia peke yangu kwa Kiingereza, moja mpaka ishirini, bila kukosea. Sijapata kujivuna vile maishani mwangu. Bwana alimrudishia bawabu kofia yake, akachukua kalamu, akatia saini.

Jumamosi ya kwanza tulikaa wasichana thelathini juu ya mikeka, maana viti havijafika. Mama mdogo akaingia, sote tukasimama. Mwanamke mwenye kamusi nzima kifuani akafungua mdomo, na halikutoka neno hata moja. Machozi yalimshuka, nasi tumesimama tunangoja, hatujui tukae au tulie naye.

Mwisho akasema, tena kwa Kiswahili: "Wanangu, nimekungojeni miaka sita."