Hatua Mia Tatu Alizobakisha Verlin

Verlin Stukey ni fundi bomba mstaafu, na katika mji wetu huu wa Colorado hakuna anayejua kuusimulia Mlima Corbett kama yeye. Picha yake iko ukutani mkahawani, imetimiza miaka thelathini na moja: kashika kipande cha boksi kilichoandikwa jina la mlima na urefu wake kwa futi, kama wafanyavyo watu wa hapa wakifika kileleni.

Mwezi wa saba, muuguzi mmoja kijana, Tamsin, akaikodolea macho picha ile huku anakunywa kahawa.

"Mzee Verlin, mbona hapa si kileleni? Hapa ni pale watu wanapokaa kutazama mabonde. Kilele kiko kwenye huo mgongo wa mlima nyuma yako."

"Siku ile kulikuwa na ukungu," Verlin akasema.

"Ukungu wa miaka thelathini na moja, baba?" akauliza Arlette, mkewe, na mkahawa mzima ukaangua kicheko.

Verlin alicheka pia, ila wiki nzima hakuonekana pale. Kwetu watu huhesabu milima waliyopanda kama wengine wanavyohesabu wajukuu, na yeye goti lake lilikuwa lipasuliwe mwezi wa tisa. Akaniambia mimi jirani yake, "Nikingoja hadi nipasuliwe, sitapanda tena. Na Corbett nimewahesabia watu bila kufika kileleni."

Basi siku moja tukaondoka alfajiri kuupanda, yeye, Arlette na mimi. Kule juu radi huanza adhuhuri, sharti uwe umeshashuka. Lakini Verlin alisimama kwa kila mpita njia, akashika kila mbwa kichwa.

"Endelea tu kusalimia mbwa," Arlette akamwambia. "Radi nayo itakuja kukusalimia wewe."

Saa nne tukafika pale pa kutazamia mabonde, pa picha ile. Maziwa matatu chini, bluu tupu, na theluji bado imejibanza kwenye mapengo ya miamba. Verlin akakaa juu ya jiwe, goti limevimba kama boga. Nikajua safari imeishia hapo.

Mume na mke wageni wakatufikia, wanahema, kipande chao cha boksi mkononi. "Mzee, ndicho kilele hiki?"

Arlette akatazama maziwa. Mimi nikafunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Verlin akageuka kuutazama mgongo wa mlima nyuma yake. Kisha akajiinua kwa fimbo. "Hapana. Ni kule. Hatua mia tatu hivi. Nifuateni, ila polepole, nina goti la bibi kizee."

"La bibi kizee gani?" akasema Arlette. "Langu zima."

Juu kulikuwa na bomba la plastiki lililobanwa kwa mawe, na ndani yake daftari la majina ya wanaofika kileleni. Verlin akaandika taratibu, ulimi nje: *Verlin Stukey. Mara ya kwanza.*

Yule mgeni akachungulia. "Kumbe na wewe mgeni kama sisi?"

"Mgeni kabisa, bwana," Verlin akasema, akampa kalamu.