"Nimerudisha" Maana Yake Umeshalipa

Siku uvumilivu uliponiishia nilikuwa na mtoto mgongoni na kalamu mkononi. Jumapili ya mavuno hapa Mwanjelwa, Mbeya, ibada imekwisha, tuko nje kwenye mnada wa sadaka. Mwenyekiti wetu wa kamati ya fedha alishinda mkungu wa ndizi, akaunyanyua juu: "Nimerudisha!" Vigelegele. Kisha akanijia mezani.

"Mama Tumaini, andika nimelipa."

"Hela iko wapi, baba?"

"We andika tu. Mimi na Mungu tunajuana."

"Basi akuandike Yeye."

Kina mama wa kwaya wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Ilikuwa mara ya nne, na zile tatu niliandika, maana posho yangu ya ukarani ndiyo uji wa huyu mtoto.

Ninyi mnaoanza ukarani wa sadaka, mjue sikufundishwa hivyo. Nilianzia Idodi, kijijini kule Iringa, nimetoka tu kumaliza kidato cha nne, chini ya mama mhazini mmoja wa Kihehe, mfupi, mkali kama pilipili. Siku ya kwanza alinisalimu, "Kamwene, binti," akanipa daftari. "Hapa huandiki ahadi. Unaandika kilichogusa meza."

Kurudisha kule kulikuwa hivi: umenunua yai, umelipa, unalitoa tena, linanadiwa upya. Yai moja liliweza kuuzwa mara saba kabla bibi mmoja hajaamua kwenda kulikaanga. Tulicheka mpaka mbavu zinauma! Siku moja mwinjilisti alirudisha kuku, mfukoni hana kitu. Mama mhazini akamkamata kuku miguu: "Mwinjilisti, kuku karudi. Hela je?" Mtu mzima akavua saa yake, akaiacha mezani mpaka Jumatano. Wala hakununa. Nimeikumbuka sana meza ile.

Baadaye nikahamia Iringa mjini, kwa mhasibu aliyetaka kila hesabu isainiwe na watu wawili. "Siyo kwamba wewe mwizi," aliniambia. "Ni ili kesho mtu asikuite mwizi." Ndipo nikaolewa, nikaja Mbeya.

Mwenyekiti alinifuata tena jioni ile, nyumbani kwangu mtaa wa Soweto. "Utaniharibia jina kwa ajili ya ndizi?" Nikamwambia zile ndizi kuna mama alizibeba kichwani toka mlimani, akazitoa kwa Bwana, hakukupa wewe ujitangazie. Akasema nafasi yangu wapo wanaoitaka. Wapo kweli.

Jumatatu nikapeleka barua kwa mchungaji, nakala nimebaki nayo:

"YAH: MALALAMIKO KUHUSU MNADA WA SADAKA

Mwenyekiti wa kamati ya fedha ametangaza kurudisha mara nne bila kulipa, akaniagiza niandike amelipa. Mara tatu niliandika. Huo ni uongo wangu, ninautubu. Ya nne sikuandika. Naomba alipe mbele ya washarika, kwa kuwa walimshangilia wao. Kama jibu ni kuniondoa kazini, naomba sababu iandikwe kwenye daftari hilohilo la sadaka, nami nitaisaini."