Kengele Ipite Mbele

Mu maternité yetu ya Kimemi, pahali bamama banazalia, miye fundi wa mitandao niliweka kable moja tu, na nilijivuna nayo sana. Mu ile kable, kamera za mulango zilituma picha ku bureau, na mashini ya oksijeni ya batoto bachanga ilituma kengele ku meza ya baganga. Nilipiga hesabu: sekunde moja, kengele imefika. Mais nilihesabia siku ya kawaida.

Asubuhi moja oksijeni ya mutoto ikakatika, na kengele ikachelewa. Mama muganga, mukubwa wa chumba ya batoto bachanga, alikuwa karibu kwa chance tu, akamuokoa. Kisha akaniita, akaweka kiti ya mbao kati ya batoto.

"Binti yangu, tangu leo nachunga miye mwenyewe. Kengele yako hapana."

Nilisikia haya, na kasirani pia. Kengele nilishaipatia ruhusa ya kupita mbele ya picha za kamera. Donc nini iliikawisha? Siku tatu nilitafuta, na yeye anashinda pale ku kiti, macho mekundu, hata chakula analetewa.

Jibu nilipata ku barabara ya Masereka, pahali gari moja tu inapita. Lori ya viazi ilishaingia, inatambaa. Ambulance ikalia nyuma yake. Kila mutu alitaka ipite, mais ipite wapi? Ikangoja lori imalize. Saa nilikuwa narudi, magunia ya ile lori bilikuwa bimegawanywa ku mapikipiki, moja moja. Ile ambulance ikangoja pikipiki moja tu, ikapita.

Nilicheka peke yangu ku barabara. Picha ya kamera njo lori! Ikishaanza kupita, kengele inangoja, hata iwe na ruhusa namna gani. Nilikimbia Butembo, ku maternité, nikakata picha bipande bidogo, nikahesabia siku mubaya kabisa, yenye kamera zote na ordinatere zote, kompyuta za bureau, zinatuma pamoja.

Tukafanya hiyo siku mubaya kwa makusudi. Mama muganga mwenyewe akachomoa tuyo, mupira wa oksijeni, ya mashini yenye haina mutoto. Mukono yake ilikuwa ingali ku tuyo, kengele ikalia ku meza.

"Rudia," akaniambia.

Nikarudia mara kumi.

"Wasingya, binti yangu," akanishukuru polepole. Akabeba kiti yake, akaitoa inje, akaikalia ku jua. Nilimufwata na chai, nikamukuta amesinzia.