Kulia kwa Nani

"Mashoto hapewi rimoti, nilishasema mimi." Khamis alikuwa chini ya mkorosho anafoka, mikono kiunoni. "Nakwambia kulia, wewe unapeleka kushoto. Ijumaa watu wanasubiri asumini zidondoke kutoka angani. Tutawapelekea nini sasa, matawi?"

Mrisho alikuwa juu ya mti, pembeni ya uwanja wa mpira wa Zinga, anaichomoa ndege yake ya rimoti kwenye matawi taratibu kama mtu anayemvua mtoto shati. Bawa moja limepasuka. Majimoto, wale chungu wekundu wa mikoroshoni, walishamwingia shingoni, na kila aking'atwa hasira inapanda ngazi nyingine.

Ndege ile alikuwa ameichonga mwenyewe, kwa yale maboksi meupe mepesi ya kuwekea samaki na barafu, aliyoyaokota sokoni Bagamoyo. Aliyaosha wee, lakini mpaka leo ndege inanuka vibua. Mota na rimoti ni za Khamis, aliletewa na shemeji yake. Kabla ya hapo, masika yote walishinda ndani na laptopu ya Khamis, wanacheza lile gemu la urubani. Mle Mrisho hakuwa na mpinzani. Anatua kwenye mvua, anatua kwenye upepo wa ubavu. Khamis alikuwa akianguka tu, anasingizia laptopu ina joto.

Halafu Bi Maulida akasikia habari za ndege. Ijumaa anamwoza Naila, binti yake, akataka bibi harusi akitoka mlangoni ndege ipite juu immwagie asumini. Mtaa mzima kashautangazia. Tangu Mrisho aache shule kidato cha pili, mtu mzima akimwita ni kumwambia atoke kibarazani. Huyu ndiye wa kwanza kumwomba kitu.

"Ijumaa atarusha Alawi," Khamis akasema. "Binamu yangu anakuja kutoka Dar. Yule hana mkono wa chooni."

Hapo Mrisho akashuka.

Alipokuwa mdogo, alikuwa analia chakula kwa mkono wa kushoto. Siku maalimu aliposema inueni mkono wa kulia, yeye akawaza mkono wa kulia si ndio ule ninaolia chakula? Akainua wa kushoto. Darasa likavunjika mbavu, maalimu akamfunga mkono ule kwa kitambaa mpaka adhuhuri. Toka siku hiyo hajakosea tena. Watu wanasema kulia bila kufikiri. Yeye anafikiri kila mara, kwa hiyo anajua. Leo kidole chake kilisukuma kijiti cha rimoti kulia, na ndege ikaenda kulia, moja kwa moja mtini.

"Nipe mkono," akamwambia Khamis.

"Wa nini?"

"Nisalimie. Au kwenu hamsalimiani?"

Khamis akatoa mkono huku anacheka. Mrisho akaukamata kwa nguvu, hakuuachia.

"Huu mkono wako upi?"

"Wa kulia. We vipi?"

"Umetokea upande wangu upi?"

Khamis akaangalia. Kicheko kikapungua.

"Sema."

"Kushoto."

"Kwa sababu umenielekea. Na ndege ilikuwa inatuelekea. Kulia kwako wewe ni kushoto kwake. Mimi kwenye laptopu huwa nimekaa ndani ya ndege, na leo nilikuwa nimekaa humo humo. Niliuona mti uko kulia, nataka kukata kushoto, wewe ukapiga kelele kulia. Kosa langu mimi ni moja tu, Khamis. Nilikusikiliza."

Akamwachia mkono. Akachukua gundi na selotepu kwenye mfuko wa rambo, akakaa chini kuliunga bawa. Khamis akawa anajikuna kidevu.

Gundi ilipokauka Mrisho akasimama, akairusha. Ikaondoka inalia kama nyuki, ikapita goli la mbali, ikageuka. Sasa inarudi, inawajia usoni, na upepo unaisogeza kwenye mkorosho ule ule.

"Ku..." Khamis akaanza.

"Funga mdomo."

Mrisho akajiweka ndani ya ndege, kama kwenye gemu. Mti uko kulia. Akakata kushoto, ndege ikaupita mti ikaacha majani yanatikisika, akaishusha kwenye mchanga, ikaburuzika mpaka kwenye ndala za Khamis.

"Haya, rusha wewe," Khamis akasema. "Alawi atakula pilau tu. Yaishe basi."

"Hayajaisha. Wakiuliza habari za mtini utawaambia nani alisema kulia."

"Ah, Mrisho, na hilo nalo mpaka kutangaziana..."

"Mbona la mashoto umelitangaza uwanja mzima?"

Khamis akachimba mchanga kwa kidole cha mguu. Simu ya Mrisho ikaita. Alikuwa Sikuzani, dada yake, sauti juu kama kawaida. "Maji yametoka bombani, na wewe madumu umeyatupia wapi?"

Mrisho akaibana ndege kwapani. Rimoti akaishika kwa mkono wa kushoto.

"Rimoti hiyo kaileta shemeji yangu," Khamis akasema.

"Mwambie aifuate kwetu, Ijumaa jioni, harusi ikishapita."

Akaondoka mbio mbio. Maji ya Zinga hayamngoji mtu, na dumu hata moja halijajaa.